Risala ya Kumuaga Mwanasiasa: Funzo Kutoka Stesheni ya Midi, Brussels



Katika miaka yangu ya ukarani nilipiga chapa risala nyingi za kuagana. Mkubwa akistaafu, au mjumbe akimaliza muda wake, karatasi ililetwa mezani kwangu na mimi nikatoa nakala. Skuli ya misheni ilinifundisha kuweka koma na nukta mahali pake. Lakini kwa nini watu wa siasa waagane kwa maneno mazuri, na kwa nini risala moja iguse moyo na nyengine isikike kama tangazo la sabuni, hilo nililifahamu kidogo kidogo. Leo nataka kulieleza, na nitaanzia mbali: Gare du Midi, mjini Brussels, ambako hupita kila niendapo kumzuru mwanangu.

Midi maana yake ni kusini. Hapo ndipo zinapoanzia treni za London na Paris, na ndipo wabunge wa Ulaya wanapopanda treni yao maalumu ya kwenda kwenye vikao vya Strasbourg. Kwa hiyo stesheni hii ni mlango wa siasa: wengine wanaingia na masanduku yao, wengine wanatoka. Ubavuni mwake pana barabara yenye jina la Paul-Henri Spaak, waziri mkuu wa zamani wa Ubelgiji, aliyeacha siasa mwaka 1966. Na juu ya yote umesimama Mnara wa Midi, uliokamilika mwaka 1967, wenye urefu wa takriban mita 150. Wenyeji huuita mnara wa pensheni, kwa sababu ndani yake zimo ofisi zinazosimamia pensheni za nchi nzima. Mwanasiasa akishuka kwenye treni, kitu kikubwa cha kwanza kukiona ni jengo la wastaafu. Mimi mwenye pensheni yangu ndogo nimelipenda jambo hilo. Linamkumbusha kila mwenye cheo kwamba zamu yake itafika.

Sasa tutazame wanavyoagana katika mji huo. Mwezi wa Oktoba 2021 viongozi wa nchi za Umoja wa Ulaya walikutana Brussels, na Bibi Angela Merkel wa Ujerumani alikuwa anawaaga baada ya miaka karibu 16 madarakani. Ilihesabiwa kuwa ule ulikuwa mkutano wake wa 107. Wenzake walisimama wakampigia makofi. Stefan Löfven wa Sweden naye aliagwa siku hizo hizo. Wengi waliopiga makofi walikuwa wamegombana na Merkel vikali: juu ya madeni ya Ugiriki, na juu ya wakimbizi wa mwaka 2015. Waziri Mkuu wa Luxembourg, Xavier Bettel, alimsifu kwa jambo moja mahsusi, kwamba alikuwa mashine ya kutafuta maafikiano. Hiyo ni sifa inayoweza kupimwa.

Mfano wa pili ni wa tarehe 29 Januari 2020. Bunge la Ulaya liliidhinisha kutoka kwa Uingereza kwa kura 621 dhidi ya 49. Kura ilipokwisha, wabunge wengi walishikana mikono wakaimba wimbo wa Kiskoti wa kuagana. Wapo waliotoka kwa machozi na wapo waliotoka kwa furaha, lakini hakuna aliyetoka kwa kukimbia.

Kwetu Afrika Mashariki tunazo sura zote mbili. Tarehe 30 Disemba 2002, Uhuru Park, Nairobi, Mzee Moi alikabidhi madaraka baada ya miaka 24. Umma ulimzomea na kumrushia matope, na mrithi wake alimshutumu mbele yake kwa utawala mbovu. Waliotendewa ubaya walikuwa na haki ya kukasirika, sikatai. Lakini watawala wengine wakiona vile, hujiambia: kumbe ukiondoka ndivyo unavyofanywa! Upande wa pili ni Mwalimu Nyerere, aliyemkabidhi Mzee Ali Hassan Mwinyi tarehe 5 Novemba 1985. Mzee Mwinyi naye akatoka mwaka 1995, akaishi kwa utulivu miongoni mwa watu hadi alipofariki Februari 2024.

Sisi wa Ghuba tuna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Serikali ya Mzee Mohammed Shamte ilipokea uhuru wa Zanzibar tarehe 10 Disemba 1963, ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Mawaziri wale hawakuagwa na mtu. Sheikh Ali Muhsin Barwani alikaa katika jela za Bara kama miaka 10. Sikusudii kuihukumu kesi hiyo hapa, na najua wapo wenye machungu ya upande mwengine. Nasema tu kwamba katika nyumba zetu nyingi, kutoka madarakani kulikuja kuwa na maana tatu: kukimbia, kufungwa au kufa. Mtu aliyelelewa na khofu hiyo akipata kiti hukikumbatia, hata kiwe kiti cha mwenyekiti wa jumuiya ya watu 40. Na sisi tunaomzunguka hatujui kumwambia ahsante, sasa pumzika.

Basi risala njema iandikweje? Nitasema niliyoyaona yakifaa.

Kwanza, taja kazi, usirundike sifa. Tumchukue Dkt. Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar. Balozi mjini Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979, kiti kile kile ambacho Spaak alikuwa wa kwanza kukikalia mwaka 1946. Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 1984. Katibu Mkuu wa OAU tangu 1989 hadi 2001. Ukishayasema hayo, huna haja ya kuongeza "mchapakazi hodari". Tarehe zenyewe zinatosha.

Pili, usifiche kwamba mlitofautiana. Sema: katika jambo fulani hatukukubaliana, lakini hukututukana. Sifa ya mpinzani ina uzito kuliko ya shabiki, na msikilizaji akisikia ukweli mmoja mgumu huyaamini na mengine.

Tatu, washukuru watu wa nyumbani kwake. Siasa hula usiku wa mke, mume na watoto.

Nne, usiombe kitu wala usimpigie debe mrithi. Risala ikigeuka kampeni, anayeagwa anakuwa ngazi ya mwengine.

Tano, mwache aende. Msimbebeshe cheo cha "mlezi wa kudumu" ili aendelee kutawala kwa mlango wa nyuma. Akihitajika ushauri, ataulizwa kwa adabu.

Na isomwe mwenyewe akiwepo, masikio yake yanasikia. Wengi wetu huwa mafundi wa kusifu matangani.

Kwa vijana wetu wa Muscat, Dubai na Doha wanaoendesha jumuiya na kamati: mwaka huu mtazameni mzee mmoja aliyeshika nafasi muda mrefu. Mwandikieni ukurasa mmoja wa kweli, msomeeni mbele ya wote, wale waliompinga wakae safu ya mbele, kisha mumsindikize hadi nyumbani kwake. Atakayekalia kiti baada yake atakuwa ameona kwamba nje ya mlango kuna heshima, na zamu yake ikifika hatasubiri kusukumwa.