Pima Kiti Kabla ya Ukuta

Mama hakuwahi kulalamika. Alihamisha kiti tu.

Nilipomfungia projekta sebuleni kwake hapa Tanga, nilimtundikia skrini ya inchi 120, kwa kuwa ukuta ulikuwa na nafasi na nilitaka afurahi. Wiki ya kwanza alikaa kwenye kochi lake, mita tatu kutoka ukutani. Wiki ya pili nikamkuta amejivutia kiti cha plastiki nyuma ya kochi. Ya tatu alikuwa mlangoni kabisa, mgongo uko barazani, anatazama taarab yake kutoka huko. Nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu, nikimtazama mwimbaji simwoni mpiga fidla. Nikigeukia fidla, mwimbaji ananipotea. Shingo haipumziki."

Tangu siku hiyo, nikiitwa kwenye kazi, ukuta ndio naupima mwisho. Namwomba mwenye nyumba akae pale anapokaa kila jioni, nashika futi, napima kutoka machoni pake hadi ukutani.

Hesabu yake si ngumu. Chukua umbali huo kwa sentimita, gawanya kwa 2.54 upate inchi. Jibu hilo ligawanye kwa 1.6: huo ndio ukubwa wa chini wa skrini. Ligawanye tena kwa 1.2: huo ndio wa juu. Kochi la mama liko sentimita 300, yaani inchi 118. Skrini yake basi ilipaswa kuwa kati ya inchi 74 na 98. Mimi nilimpa 120. Ndani ya vipimo hivyo picha hujaza macho bila kulazimisha kichwa kuzunguka. Mpenzi wa filamu asogee kwenye ukubwa wa juu. Familia inayotazama taarifa ya habari na mpira, watoto wamekaa mkekani mbele, ibaki katikati au chini yake.

Kumbuka kwamba inchi za skrini hupimwa kona hadi kona, kwa mshazari. Dukani uliza upana na kimo. Skrini ya 120 yenye uwiano wa 16 kwa 9, ule wa televisheni za siku hizi, ina upana wa sentimita 266 na kimo cha 149. Ya inchi 92 ina 204 kwa 115.

Tofauti hiyo inagusa mwanga pia. Taa ya projekta ni ileile. Ukiongeza eneo, unaupunguza mwanga. Skrini ya 120 ina eneo mara 1.7 ya ile ya 92, kwa hiyo picha hufifia kwa kiasi hichohicho. Kwenye sebule yenye madirisha mapana na pazia jepesi, utaliona hilo saa kumi za jioni, mpira unapoanza.

Halafu kuna urefu wa chumba. Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa takriban mara moja na nusu ya upana wa picha. Kwa upana wa mita 2.04, ni kama mita tatu. Kwa mita 2.66, ni mita nne, na projekta yenyewe bado inataka nafasi ya kupumua nyuma yake. Hapo ndipo pangaboi linapoleta shida: mapanga yake yakikatiza njia ya mwanga, picha yote inacheza kivuli. Washa feni kabla hujatoboa dari.

Kabla ya kununua, nakusihi ufanye jambo moja. Weka alama za kona nne ukutani kwa selotepu ya karatasi, tundika shuka jeupe lililopigwa pasi, azima projekta, utazame jioni tatu mfululizo. Ukingo wa chini uwe kama sentimita 80 kutoka sakafuni, ili macho ya aliyekaa yaangukie theluthi ya chini ya picha. Kisha usiwaulize watu wa nyumbani kama wamependa, kwa maana watakusitiri. Angalia wanakaa wapi.

Kwa mama niliishusha ile ya 120, nikafunga ya 92. Usiku wa pili, taarab ikiendelea, aliinuka, akakibeba kile kiti cha plastiki mwenyewe, akakirudisha barazani.