Umeme wa Jua na Akiba ya Betri

Katika miaka ya 1950 maporomoko ya mto Tshopo yalijengewa bwawa ili mji wetu wa Kisangani upate umeme. Lakini kusimamisha nguzo na kuvuta nyaya msituni, makilomita mengi kwa ajili ya nyumba chache, ni gharama kubwa. Je, wazazi wa vijijini wangoje gizani? Hasha!

Mwaka 1954 wataalamu wa Bell huko Marekani walionyesha kipande cha silikoni kigeuzacho nuru ya jua kuwa umeme. Zamani kilikuwa ghali mno. Leo paneli zauzwa hata sokoni. Paneli ya wati 50, ikipata jua kamili saa 3 tu, hutoa wati-saa 150. Taa 3 za wati 5 zikiwaka saa 4 hula wati-saa 60. Kinachobaki chatosha simu, na kingine ni akiba ya siku ya mawingu, maana kwetu mvua ni nyingi.

Lakini, wapenzi wasomaji, tuangalie neno moja. Paneli yaweza kudumu miaka 20 na zaidi. Betri ya risasi hufa baada ya miaka michache, tena upesi ikimalizwa kabisa kila usiku. Nyumba isiyojiwekea kitu hurudi gizani, paneli ikiwa bado nzima juu ya paa. Basi fedha iliyokuwa ikinunua mafuta ya taa isitawanywe yote: kila mwezi tutenge sehemu yake kwa betri ijayo. Akiba haiozi, na watoto wetu watasoma bila moshi, mwaka huu na miaka ijayo.