Si Kila Mke Msahaulifu ni Mzembe

Katika mashauri ya ndoa yanayoletwa misikitini, huku Mkwaja na kwingineko katika pwani ya Tanga, ipo lawama isiyokoma: mke huyu hajali. Wali umeungua, zamu ya upatu imesahauliwa, kadi ya kliniki ya mtoto haijulikani iliko. Mume huona dharau, wifi huona uvivu, jirani hunong'ona habari za jini. Mwenyewe naye amekwisha kuamini kwamba ana kasoro ya tabia, kwani ameambiwa hivyo tangu alipokuwa chuoni akisoma juzuu.

Kwa baadhi ya akina mama hao, madaktari wanalo jina: ADHD, yaani hali ambayo ubongo hushindwa kuudhibiti umakini, haraka na utulivu. Haiambukizi, wala haitokani na malezi mabaya. Kwa sehemu kubwa hurithiwa, na huanza utotoni. Madaktari wa akili wa Marekani waliipa jina hili mwaka 1987, na mwaka 2013 wakalegeza masharti kwa aliyefikisha miaka 17: dalili tano badala ya sita, mradi baadhi zilionekana kabla hajatimiza miaka 12. Zamani picha iliyojulikana ni ya mvulana anayerukaruka juu ya madawati. Binti aliyekaa kimya nyuma ya darasa, mawazo yake mbali, hakumsumbua mtu, basi hakupimwa. Wako wanaogundulika ukubwani, wanapompeleka mtoto kwa daktari na kujitambua wenyewe katika maswali anayoulizwa mtoto.

Dini yetu haiuonei haya usahaulifu. Mtume (s.a.w.) alitoa salamu baada ya rakaa mbili katika sala ya rakaa nne; Dhul-Yadayn akamuuliza, naye akaikamilisha sala kisha akasujudu sijida ya kusahau. Aliyeuliza hakukemewa. Na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Anayedhani kwamba daktari wa akili ni wa wendawazimu peke yao hajawasoma wazee wake.

Hata hivyo, asijipime mtu kwa kusoma gazeti, hili letu likiwemo. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, huzuni, au usiku mwingi wa kulea kichanga huweza kuleta usahaulifu uleule. Safari ianzie kituo cha afya, kisha rufaa ya Bombo, mjini Tanga. Kwetu huo ni mwendo wa kuvuka mto Pangani, na nauli yake si ndogo. Twaona ni haki ya mke kusindikizwa na mumewe, na shauri la talaka lingoje majibu.

Majibu hayafuti wajibu, bali huonyesha njia ya kuutekeleza. Siku za kadha ya Ramadhani ziandikwe daftarini siku ileile, na mume azijue idadi yake. Anayepewa methylphenidate asibadili saa za kumeza kwa sababu ya saumu bila kumuuliza daktari, kwani dawa hiyo huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Zipo aina zinazofanya kazi kwa saa chache, na zipo zinazodumu sehemu kubwa ya mchana, humezwa wakati wa daku. Mja mzito naye amweleze daktari mapema.