Mgeni Wako na Gesti ya Zamani

Huenda shangazi yako akatoka Ruaruke kumleta mgonjwa Muhimbili, nawe, chumba chako kimoja kikiwa kimejaa watoto, ukampangishia gesti ya zamani Kariakoo. Kitanda cha chuma, feni yenye kelele na maji ya ndoo si aibu; ukongwe wa nyumba si uchafu. Lakini chandarua kilichotoboka ni hatari, kwani mbu aenezaye malaria huuma usiku. Basi usimwage mlangoni. Kabla hajaandika jina katika daftari la wageni, ombeni kuonyeshwa chumba. Kagueni chandarua, shuka na komeo. Mkilipa, daini stakabadhi. Chumba cha bei nafuu si ruhusa ya kumlaza mgeni wako na mbu.