Je, Wajua? Televisheni Iliyofungwa Utepe Mwekundu

Je, wajua kuwa katika filamu moja ya Marekani ya mwaka 1955, kinachouma kuliko ugomvi wote ni televisheni ambayo hata haijawashwa?

Filamu ni All That Heaven Allows, ya Douglas Sirk, mzaliwa wa Hamburg. Jane Wyman ni Cary, mjane mwenye hadhi yake mjini. Anampenda Ron (Rock Hudson), anayekuja kupogoa miti nyumbani kwake. Watu wa klabuni wanamteta, watoto wake wawili, wote watu wazima, wanaona aibu, naye anamwacha Ron kwa ajili yao. Krismasi inafika. Binti anatangaza kuwa anaolewa. Kijana anakwenda ng'ambo, na ile nyumba aliyoipigania kwa jina la baba, sasa anaona bora iuzwe. Ndipo zawadi ya mama inapoingizwa: televisheni, imefungwa utepe mwekundu. Muuzaji anamhakikishia kuwa hatakosa tena wa kukaa naye. Kamera inakisogelea kioo polepole, na humo tunamwona Cary mwenyewe, ameketi peke yake. Watoto wamemnyima mume, wakamnunulia sanduku. Sijaona tukio linaloeleza vizuri zaidi jinsi kitu cha dukani kinavyoweza kumfungia mtu katika tabaka lake.

Na wakati huo kila mtu alikitaka kitu hicho. Mwaka 1950, takriban nyumba 9 katika kila 100 za Marekani zilikuwa na televisheni. Kufikia 1955 zilizidi 60. Kumbi za sinema zilikuwa zikikimbiwa. Mwaka huohuo Wyman alianza kuongoza kipindi chake cha televisheni.

Mwaka 1974 Rainer Werner Fassbinder wa Ujerumani aliisimulia hadithi ya Cary kwa namna yake: mjane mfanya usafi anaolewa na kibarua kutoka Moroko. Kijana wake mmoja akisikia, anainuka na kuipiga teke televisheni ya mama mpaka inapasuka.

Je, wajua pia kuwa mwaka 1948, kuitangaza filamu ya Mr. Blandings Builds His Dream House, zilijengwa nyumba 73 kwa mfano wa ile ya kwenye filamu, katika miji mbalimbali ya Marekani? Wengi hukumbuka nyumba. Mimi namkumbuka Gussie, mtumishi Mweusi, aliyeigizwa na Louise Beavers. Bwana Blandings (Cary Grant), mtunga matangazo, amekesha akitafuta maneno ya kuuzia nyama ya nguruwe, na asipoyapata kazi imekwenda, na nyumba nayo. Asubuhi Gussie anaandaa kifungua kinywa, anawaambia watoto sentensi moja kuhusu nyama hiyo. Bwana anaidaka palepale: tangazo limepatikana, kazi imepona, nyumba imebaki. Gussie anaongezewa dola 10.