Niko kwenye dozi

Kikao cha kamati ya harusi kimeitishwa saa kumi na mbili jioni na, kama ilivyo desturi ya mjini, kimeitishwa baa. Mwenyekiti amewahi, ameunganisha meza tatu chini ya mwembe. Katibu ana daftari la ahadi, mweka hazina ana simu mbili. Ajenda ya kwanza haijafunguliwa, mhudumu ameshapita na kila mjumbe ametaja yake: ya baridi, ya moto, ndogo, kubwa. Kwenye kiti cha mwisho mjumbe anaagiza maji. Meza inanyamaza kidogo. "Vipi, unaumwa?"

Mwenyeji wa mambo haya anajua jibu linalopita bila mjadala: "Niko kwenye dozi." Wote watatikisa vichwa kwa huruma na kikao kitaendelea. Ukijibu kwamba siku hizi hunywi, utaulizwa umeokoka lini. Ukijibu kwamba umeamua kupunguza, watacheka, halafu utaletewa moja "ya kusindikizia". Ugonjwa ndio udhuru pekee unaoheshimiwa na meza ya bia. Nawafahamu watu wazima, wenye vyeo vyao, ambao malaria yao haiponi mwezi mzima ili tu waachwe wanywe soda kwa amani.

Tumezoea kulizungumza suala la pombe kana kwamba ni la mtu na koo lake. Ushauri wetu ni uleule: jikaze, kuwa na msimamo, muogope Mungu. Lakini kwetu anayekunywa mara nyingi si mtu, ni meza, na meza ina hesabu yake. Mko watano. Wa kwanza anatoa ofa, wanne waliobaki tayari wanajiona wana deni. Zamu ikizunguka, kila mmoja amekunywa tano, na pengine hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani akitaka zaidi ya mbili. Anayeaga baada ya ya pili anaonekana amekunywa vya watu kisha akakimbia zamu yake. Kumwambia mtu huyo ajikaze ni kumtaka akosane na marafiki wanne kila Ijumaa.

Na tano si chache. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi halisi, kwa hiyo tano zina gramu 100. Ini la mtu wa kawaida huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliharakishwi na maji ya baridi, kahawa wala supu ya mbuzi. Aliyeanza saa mbili usiku akamaliza ya tano saa sita, akiwasha gari au bodaboda saa kumi na mbili alfajiri huenda bado ana pombe ya jana mwilini, hata kama amenyoa na kupiga mswaki. Pombe kali inadanganya zaidi kwa sababu chombo chake ni kidogo: kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina gramu 55, karibu sawa na bia tatu kubwa, na kinaingia mfuko wa shati. Viroba vya plastiki vya pombe hiyo vilipigwa marufuku Tanzania tangu Machi 2017, na lilikuwa jambo jema, maana vilishafika hadi kwenye mabegi ya wanafunzi. Marufuku iliondoa kifungashio. Meza ilibaki palepale.

Mkoani Kilimanjaro meza hiyo ni ya zamani kuliko baa. Mbege huchukua siku kadhaa kuiandaa: ndizi zinachemshwa na kuachwa zichachuke, ulezi unaoteshwa kimea, unasagwa na kupikwa, magome ya msesewe yanatia uchungu, kisha vyote vinakutana. Mpishi huonja kwanza mbele ya wageni. Kata inazunguka mkono kwa mkono, wakubwa kwanza. Posa, matanga, usuluhishi wa mpaka wa shamba, vyote vina mbege yake, na ada za watoto wengi zimetokana na mapipa ya mama zao. Anayehubiri kwamba pombe ni uchafu tu, bila kulijua hilo, atasikilizwa kwa adabu na kusahauliwa kabla hajashuka mlima. 

Ndiyo maana kazi iliyofanywa na hospitali ya KCMC ya Moshi pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani inanivutia. Mpango wao unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, na walengwa ni majeruhi wanaofikishwa kitengo cha dharura. Muuguzi haji na mahubiri. Anaomba ruhusa ya kuzungumza, anamuuliza mgonjwa anachokipenda kwenye pombe na asichokipenda, anamuonyesha unywaji wake ukoje ukipimwa, kisha mgonjwa mwenyewe anataja lengo analoliweza. Baadaye ujumbe mfupi wa simu humfuata nyumbani. Mtu aliyelala kitandani na mguu umefungwa hahitaji kuambiwa kwamba pombe ina madhara; anahitaji mtu wa kumsaidia kupanga Ijumaa ijayo.

Kipimo chenyewe si siri. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la AUDIT lenye maswali 10: unakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku moja, umewahi kushindwa kutimiza wajibu kwa sababu ya pombe, ndugu au daktari amewahi kukushauri upunguze. Alama ni kuanzia 0 hadi 40. Ukifika 8 unywaji wako una hatari. Ukifika 20 inaelekea mwili umeshakuwa mtegemezi, na hapo unahitaji mtaalamu zaidi ya rafiki. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kwa mtu wa bia tano, hata hivyo, mbili ni hatua kubwa, na sioni faida ya kumdharau kwa sababu hajafika sifuri.

Tatizo ni kwamba muuguzi ana dakika chache, na meza ina jioni nzima. Hapo ndipo wenzio wanapohitajika, na hili lina historia yake.

Mei 1935 dalali wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikwama katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, baada ya biashara yake kuharibika. Alikuwa na miezi michache tu bila kunywa. Kwenye ukumbi wa hoteli alisikia vicheko vya baa, akaogopa. Badala ya kuingia alikwenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa akiomba akutanishwe na mlevi mwenzake. Alipelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kumpa robo saa. Walizungumza kwa saa kadhaa. Smith alishashauriwa na kila mtu. Wilson alikuwa mgeni wa namna nyingine, hakuja kumponya, alikuja kujiponya mwenyewe kwa kuongea. Juni 10 mwaka huo daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa AA (Alcoholics Anonymous), umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha.

Kwa miaka mingi madaktari waliitazama AA kama jambo la dini na hisia. Mwaka 2020 mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000 yalikuta kwamba baada ya mwaka mmoja, asilimia 42 ya waliounganishwa na AA kwa utaratibu maalumu walikuwa hawajagusa pombe kabisa, dhidi ya asilimia 35 ya waliopata tiba nyingine zinazotambulika. Tofauti si ya miujiza, lakini AA haitozi kiingilio.

Huku kwetu mfano ulio karibu zaidi uko Eldoret, Kenya. Kwenye kliniki za mpango wa afya wa AMPATH, watafiti walichukua wagonjwa zaidi ya 600 wanaoishi na VVU na wanaokunywa, wengi wao pombe za kienyeji za chang'aa na busaa, wakawaweka katika vikundi vidogo, wanaume kwao na wanawake kwao. Mikutano ilikuwa sita, mmoja kwa wiki, na iliongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa, si madaktari bingwa. Nusu walijifunza mbinu za kupambana na hamu ya pombe: kutambua saa na mahali inapoamka, kufanya mazoezi ya kukataa ofa kwa sauti mbele ya wenzao. Nusu nyingine walifundishwa mtindo bora wa maisha kwa ujumla. Waliojifunza mbinu walipunguza zaidi, lakini kinachosahaulika ni kwamba hata kundi la pili lilipunguza. Kukaa kila wiki na watu wenye safari moja, mkiongelea mwili na chakula, nako kuna kazi kunafanya.

Tena sisi tuna majaribio yetu ya kila mwaka ambayo hatuyaiti majaribio. Kwaresima ikiingia, Wakristo wengi wanaweka chupa chini siku 40. Kwa Waislamu wanaokunywa, na wapo, hata kama mtaa unajifanya hauwajui, Ramadhani hufanya hivyohivyo baada ya kuvunja jungu. Mtu aliyeapa Januari kwamba hawezi kukaa wiki bila bia anapita mwezi mzima akiwa mzima. Nguvu hiyo aliipata wapi? Meza yote imesimama pamoja, hakuna anayeuliza unaumwa, na ofa imegeuka kuwa soda. Pasaka au Idi ikifika kila mtu anarudi kulipia siku zilizopita, na anasahau kwamba mwili ulishapoteza mazoea. Tano za zamani zinamwangusha kama nane.

Kwa anayetaka kupunguza bila kusubiri mfungo, kazi kubwa ni kuipanga upya jioni. Kula kwanza kunasaidia, maana tumbo tupu linapokea pombe haraka. Kila mtu kujilipia chake kunasaidia zaidi, na ndilo gumu kuliko yote kulisema. Liseme mapema mchana kwa simu, kabla ya mhudumu kufika. Glasi ya maji kati ya bia na bia inanunua muda. Siku za kutokunywa zichaguliwe kwa majina, Jumatatu na Jumatano tuseme, maana "nitapunguza" haina tarehe. Na pawepo mahali pengine pa kwenda. Miji ya pwani ina hazina hapa: kijiwe cha kahawa, kashata, bao au drafti, siasa mpaka saa nne usiku, na mtu anarudi nyumbani na akili zake. Dar es Salaam kuna vikundi vya jogingi ambavyo Jumapili alfajiri hujaza barabara za Temeke na Mbagala kwa nyimbo. Ukijua wenzio wanakusubiri saa kumi na moja na nusu na watakutania usipotokea, Jumamosi usiku unajihesabia mwenyewe. Lakini hata mbio zina utani wake: Kilimanjaro Marathon kwa miaka mingi imekimbiwa ikiwa na jina la bia kifuani.

Usingizi ndio wa kwanza kubadilika. Pombe humlaza mtu haraka kisha ikamvurugia nusu ya pili ya usiku. Ikipungua, baada ya siku kadhaa anaamka hajachoka. Shinikizo la damu nalo hushuka kwa wengi waliokuwa wanywaji wakubwa. Mfuko ni hesabu ya darasa la nne: bia nne, siku tatu kwa wiki, ni bia 624 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya baa yako.

Kuna watu ambao ushauri huu wote hauwafai, nao wasilichukulie jambo hili kirahisi. Mtu anayetetemeka mikono asubuhi, anayetokwa jasho na kutulia tu baada ya kuzimua, asiache ghafla peke yake chumbani, wala asifungiwe na ndugu ili "imtoke". Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege, na siku ya pili hadi ya nne akaweweseka, akaona vitu visivyokuwepo, na wengine hufa. Hospitali ina dawa za kumtuliza hatua kwa hatua na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Maombi yaendelee, lakini yamfuate wodini.

Kwa wengine, kikundi cha mtaani kinaweza kuanza na watu watatu na kundi la WhatsApp. Ninachowaonya waanzishaji ni faini. Tumelelewa na vikoba: ukichelewa unatozwa, ukikosa unatozwa, na nidhamu hiyo imejenga nyumba nyingi. Kwenye pombe inaua kikundi. Sharti pekee la AA la uanachama ni kutamani kuacha, basi. Aliyelewa jana anakaribishwa leo. Aliyeteleza Ijumaa hatakuja Jumapili kulipa elfu tano mbele ya watu, atakwenda pale anapojua ataletewa moja bila kuulizwa. Afadhali Jumamosi asubuhi apigiwe simu na mwenzake aliyeteleza mwezi uliopita, aulizwe kama amekula, na kama mikono inatetemeka asindikizwe kliniki siku hiyohiyo.