Idadi ya Watu katika Reidi Ngumu

Miongoni mwa hoja zilizodumu sana baina ya watu wachezao michezo ya pamoja kwa njia ya intaneti, iko moja ambayo kwa mtu wa nje huonekana kuwa ni hesabu ndogo tu isiyostahili kumkosesha mtu usingizi, ilhali kwa wenyewe imevunja suhuba, imesambaratisha vyama vilivyokaa pamoja miaka mingi, na imewalazimu watengenezaji wa michezo kuzipindua kanuni zao zaidi ya mara moja. Nayo ni kwamba, ule mtihani ulio mgumu kuliko yote mchezoni, wauendee watu wangapi?

Wachezaji huuita mtihani huo reidi. Kikosi cha watu, kila mmoja yu kwake mbele ya kompyuta yake na pengine kila mmoja yu katika nchi yake, huingia pamoja katika ngome au pango la kubuniwa, wakakabiliana na maadui wakuu, ambao kwa msemo wao ni mabosi, mmoja baada ya mwingine. Na kila bosi ana hila zake, ambazo sharti kikosi kijifunze kwa kushindwa mara kadha wa kadha kabla ya kushinda. Kazi hugawanywa: wako matanki, wenye silaha nzito, wajiwekao mbele ili bosi awapige wao, wako matabibu warudishao uhai wa wenzao, na wako washambuliaji, ndio wengi, ambao wajibu wao ni kumdhuru adui kabla muda haujakwisha. Kikosi kikiangamia, pambano huanza upya.

Katika mchezo wa EverQuest, uliotoka mwezi Machi mwaka 1999, idadi haikuwa na mpaka uliokazwa, basi watu waliyaendea majoka yake kwa halaiki, kila aliyepatikana akaja. World of Warcraft, uliotolewa na Blizzard Entertainment ya Marekani mwezi Novemba mwaka 2004, uliweka kikomo cha watu 40, na kwa idadi hiyo wachezaji walishuka katika reidi ya Molten Core kumkabili bosi Ragnaros, na katika mwaka 2006 wakaingia Naxxramas, ambako pambano la wapanda farasi wanne lilihitaji matanki 8 wenye kupokezana, jambo ambalo vyama vichache mno viliweza kulitimiza. Mwezi Januari mwaka 2007 ilipotoka sehemu iitwayo The Burning Crusade, 40 wakageuzwa kuwa 25, na pembeni yao ikawekwa reidi ya watu 10 jina lake Karazhan.

Hapo ndipo nitakapo msomaji asite kidogo, kwa sababu madhara ya mabadiliko yale hayakutokana na ugumu wa bosi yeyote, bali na kugawa tu. Chama kilichozoea kuwapeleka watu 40 ghafla kiliwataka 15 wabaki nje, nao ni watu waliokesha pamoja na wenzao kwa miaka miwili. Fauka ya hayo, aliyetaka kwenda katika reidi za watu 25 ilimpasa kwanza apate silaha na mavazi ya Karazhan, na watu 25 hawagawanyiki kwa 10: vikosi viwili huchukua watu 20, na watano hubaki bila nafasi. Kiongozi alikuwa na njia mbili, ama awaambie wale watano wangoje, ama awatafute watano wengine aunde kikosi cha tatu, kisha awafukuze watu hao hao itakapofika zamu ya 25. Na popote wachezaji wa zama zile wakumbukapo vyama vyao vilivyokufa, aghalabu utawasikia wakitaja mabosi mara moja, na ile orodha ya majina mara kumi.

Baadaye Blizzard walijaribu kuwapa watu hiari. Mwishoni mwa mwaka 2008 kila reidi ilipatikana kwa watu 10 na kwa watu 25, nao 25 wakipewa ngawira bora. Mwezi Desemba mwaka 2010 ngawira zikasawazishwa, na hapo vyama vingi vya watu 25 vikavunjika kuwa vya watu 10, maana hakuna ahangaikaye kukusanya watu 25 ikiwa tuzo ile ile hupatikana kwa watu 10. Ndipo mwezi Novemba mwaka 2014, ilipotoka sehemu ya Warlords of Draenor, wakakata shauri: daraja ngumu kabisa, iitwayo Mythic, iwe ya watu 20, si zaidi wala si kasoro, na daraja za chini yake zipokee idadi yoyote kuanzia 10 hadi 30, nguvu za bosi zikijipima kwa kadiri ya waliohudhuria.

Wanaobishana juu ya jambo hili huchanganya ugumu wa namna mbili, na maadamu wameuchanganya hawawezi kuelewana. Uko ugumu wa kupigana, na uko ugumu wa kukusanya. Ugumu wa kupigana ni ule unaompata mtu akiwa tayari yumo ndani: kusoma hila ya bosi, kusogea kwa wakati wake, kutumia uwezo wake bila kuuharibu. Ugumu wa kukusanya ni kuhakikisha kwamba watu wote wanaohitajika wamefika, wameandaliwa, wamo katika hali ya kusikilizana, na watarudi kesho. Idadi ikipanda, ugumu wa pili hupanda kwa yakini. Ama ule wa kwanza huenda ukapanda, ukashuka, au ukakaa pale pale.

Mwenye kutetea vikosi vikubwa hutoa hesabu hii, nayo haina kasoro: chukua wachezaji hodari, ambao katika kila hila ya bosi kila mmoja hukosea mara 1 katika 100. Wakiwa 10, wote watasalimika katika hila hiyo mara 90 katika 100. Wakiwa 20, mara 82. Wakiwa 40, mara 67 tu. Kwa hivyo, asema, wingi ni mzito kuliko uchache. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba kosa la yeyote huwaangamiza wote, na reidi za watu 40 hazikujengwa hivyo. Katika Molten Core wengi walisimama mahali pamoja wakapiga, na mzigo wa akili ulibebwa na wachache: matanki, matabibu kadha, na mwenye kutoa amri. Mtu mmoja akianguka katika 40, kikosi kimepoteza sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Akianguka mmoja katika 8, thumuni nzima imekwenda, na kama alikuwa tabibu mmoja wa wawili, mambo yamekwisha.

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, mmoja mmoja na kwa makundi, akachapisha matokeo yake mwaka 1913: kadiri wavutao walivyozidi kuwa wengi, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu pungufu kuliko alivyoweza akiwa peke yake. Sababu aliyoiona ni kutolingana kwa wakati wa kuvuta, na baadaye wanasaikolojia wakathibitisha nyingine, kwamba mtu asiyeonekana kazi yake huilegeza bila hata kukusudia. Kila aliyewahi kuongoza kikosi kikubwa atazitambua sababu zote mbili. Na mchezo wa Final Fantasy XIV wa Wajapani, ambao reidi zake ngumu kuliko zote ni za watu 8, wawili matanki, wawili matabibu na wanne washambuliaji, unatoa ushahidi wa upande wa pili: daraja yake ya Ultimate, iliyoanza mwezi Oktoba mwaka 2017, haimwachi hata mmoja wa wale wanane akae kimya, na hakuna mchezaji mwenye insafu atakayediriki kuiita nyepesi kwa kuwa watu wake ni wachache.

Basi kwa nini wasichague 10, au 8, wakamaliza? Hapa iko hoja ya Blizzard ambayo naiona kuwa ni nzito kuliko zote, nayo haihusu fahari ya wingi. Mwaka 2014 mchezo wao ulikuwa na tabaka 11 za wapiganaji, kila tabaka na uwezo ambao wengine hawana: huyu hufungua njia kwa wenzake kupita, yule huzuia pigo lisilozuilika. Watu 10 hawawezi kuwakilisha tabaka 11. Mtengenezaji akibuni pambano linalotaka uwezo fulani, atakuwa amevifungia mlango vikosi vidogo visivyo na mtu wa tabaka hilo. Asipolibuni, ameufanya ule uwezo wa pekee kuwa pambo tu. Kwa watu 20 anaweza kutarajia kwamba karibu kila uwezo upo.

Na kwa nini wasiachiwe wote, 10 na 25, kila mmoja apendavyo? Kwa sababu binadamu hagawanyiki. Ikiwa hila ya bosi humpata mtu 1 katika kikosi cha 10, uwiano unataka katika kikosi cha 25 iwapate watu wawili na nusu. Ukichagua wawili umewahurumia wengi, ukichagua watatu umewaonea. Kadhalika uwanja wa pambano ni ule ule: hila inayowataka watu watawanyike ni mchezo kwa 10 na ni dhiki kwa 25. Katika daraja za wastani tofauti hizo humezwa, lakini katika daraja ya juu kabisa kila kipimo kimekazwa hadi mwisho; mwaka 2017 chama cha Method kilimjaribu bosi Kil'jaeden mara 654 kabla ya kumwangusha, wakiwa wa kwanza duniani, na pahali pembamba kama hapo huwezi kuweka mizani mbili ukatumaini zitalingana.

Kwa hiyo nakubali kwamba daraja ya juu sharti iwe na idadi moja isiyobadilika. Nisilokubali ni namna wenye vikosi vya watu 10 walivyoachwa. Vilikuwa ni vikosi vya jamaa, ndugu kwa ndugu, watu waliosoma pamoja, nao waliambiwa ama waongezeke mara mbili ama washuke daraja. Watu 10 wakiwa 20, uhusiano baina ya mtu na mtu hutoka 45 ukafika 190, na hakuna urafiki uliowahi kukua kwa kipimo hicho ndani ya mwezi mmoja.

Wachezaji wa pwani yetu wanalijua jambo hili kwa uchungu wa pekee. Tangu waya wa SEACOM ufike Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 mtu aweza kucheza na Wazungu kwenye seva za Ulaya, ingawa ishara aghalabu huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi. Lakini kikosi cha watu 20 kina ratiba iliyoandikwa na wengi, na reidi inayoanza saa mbili za usiku kwa saa za Paris wakati wa baridi huanza saa nne za usiku Mombasa, ikaisha saa saba, na mwenye kazi ya asubuhi hana wa kumwambia wasogeze. Watu 6 au 8, waliomo Nairobi, Dar es Salaam na Maskati, hupatana saa yao wenyewe, na hiyo ndiyo sababu wengi hapa huishia katika mchezo wa Destiny, ambao reidi zake ni za watu 6, au katika Final Fantasy XIV.

Laiti ningeulizwa, ningesema 20 wabaki, kwa hoja ya tabaka niliyoitaja. Ila kwanza isirudishwe kamwe ile ada ya zamani ya kuwazuia watu wa seva mbalimbali wasiungane katika Mythic hadi vyama vya kwanza vishinde, maana kanuni ile iliuzidisha ugumu wa kukusanya bila kuongeza hata chembe katika ugumu wa kupigana. Pili, katika kila msimu litengenezwe pambano moja la daraja ile ile ya juu kwa ajili ya watu 10, lililobuniwa kwa watu 10 tangu mwanzo, si lililopunguzwa kutoka la 20, likiwa na ngawira yake na orodha yake ya washindi wa kwanza.